Barua ya Radhi Siandiki

Kijenge, Arusha
3 Machi 1996

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na mama na wadogo zangu. Goti la mama linaendeleaje? Mimi sijambo, malaria iliyonishika mwezi wa kwanza imeniacha.

Baba, naandika kabla hujasikia kwa watu. Nimeacha kozi ya ushonaji. Mitumba imejaa soko zima, na mafundi wa mtaa huu wanashinda wakipiga soga nyuma ya vyerehani vyao. Hapo hapo chuoni wameanzisha kozi ya masaji, ya mwaka mmoja, nami nimehamia huko. Tunajifunza mifupa na misuli, namna ya kumkanda aliyeteguka, aliyepooza, hata aliyechoka tu. Mwalimu wetu ni Bi Salha, muuguzi mstaafu, mkali kuliko wewe. Hoteli za watalii zinafunguliwa kila kukicha na zinatafuta watu.

Najua utakasirika. Kasirika, lakini nisome mpaka mwisho: sikukuomba ruhusa kwa sababu ungeninyima.

Mwanao,
Ndeshi


Kikwe
20 Machi 1996

Ndeshi mwanangu,

Marahaba. Sisi tu wazima. Mama yako anachechemea, lakini shambani anakwenda. Mvua zimeanza vizuri.

Nimesoma mpaka mwisho, mara mbili. Nilikutuma ujifunze kushona. Sikukutuma kushika migongo ya wanaume usiowajua. Jumapili baada ya ibada Kaanaeli alinisimamisha mbele ya wazee wenzangu wa kanisa akaniuliza, "Elinami, ni kweli binti yako anawapapasa Wazungu huko mjini?" Mimi, ambaye watu huja kwangu kushauriwa juu ya watoto wao!

Funga mzigo wako urudi kabla ya Pasaka. Ukikataa, usiniandikie tena.

Baba yako,
Elinami


Kijenge, Arusha
29 Machi 1996

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nashukuru kusikia mvua zimeanza vizuri. Mimi ni mzima.

Sirudi.

Mzee Kaanaeli akikuuliza tena, mwambie hivi. Jumanne alikuja chuoni mama mmoja muuza ndizi wa Maji ya Chai. Miaka minne hakuweza kugeuza shingo, kwa ajili ya mikungu anayobeba kichwani. Nilimkanda, Bi Salha amenisimamia akisema, "Taratibu, hufui nguo hapo." Yule mama alipoinuka aligeuka kushoto, akamwona mwenzake aliyekaa pembeni, akaanza kulia. Sijawahi kushona nguo ikamliza mtu kwa furaha.

Na daktari aliyemzalisha mama alipojifungua mdogo wangu wa mwisho alikuwa mwanamume. Ulimpelekea jogoo kwa shukrani. Mkono wake ni wa kazi, wangu ni wa aibu? Nieleze tofauti, baba, nitakusikiliza.

Umesema nisiandike. Nitaandika.

Mwanao,
Ndeshi


Kijenge, Arusha
8 Septemba 1996

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hii ni barua ya sita bila jibu. Nasikia kwa watu wa Kikwe kwamba mahindi yamekubali na kwamba nyote mko salama. Namshukuru Mungu.

Safari hii nina habari ambayo huenda ikakufurahisha. Chuo kilitupeleka kufanya mazoezi ya kazi kwenye hoteli moja mpya. Wiki ya pili meneja akaniita. "Yule mgeni wa juu anataka umkande chumbani kwake. Akitaka zaidi, usilete ushamba."

Nikamwambia, "Mimi nakandia kwenye chumba cha kukandia, mlango wazi."

Akacheka. "Kwani unadhani tumekuita hapa kwa ajili ya mifupa?"

Nikavua koti jeupe, nikaliweka mezani kwake, nikatembea kwa miguu mpaka Kijenge. Njia nzima sikulia.

Sasa mkuu wa chuo, Bwana Reginald, anasema nimewaudhi wafadhili, maana vitanda na mafuta tunapewa na hoteli hiyo. Nimwandikie meneja barua ya radhi kabla mwezi haujaisha, la sivyo mtihani sifanyi. Kwa sasa nimezuiwa kukanyaga darasani. Bi Salha amenitetea, lakini hana amri.

Utasema ulinionya. Sema. Ila barua ya radhi siandiki, na nyumbani sirudi. Uchafu ni wa yule meneja. Kazi yangu ni safi, nami nitaifanya hata kama ni chini ya mti.

Mwanao,
Ndeshi


Kikwe
24 Septemba 1996

Ndeshi mwanangu,

Marahaba. Sisi tu wazima.

Barua zako zote nilizisoma. Hii ya mwisho niliisomea shambani, nikakaa chini katikati ya maharage.

Bila shaka Bi Salha amekwisha kukueleza, lakini nataka usikie kwangu. Jumatatu ya wiki iliyopita nilivaa koti langu la kanisani nikaja mjini. Sikupita kwako. Nilikuwa na hasira, na sikutaka kuimwagia mahali pasipostahili. Nilikaa mlangoni kwa mkuu wa chuo tangu saa mbili asubuhi. Aliponiingiza alisema, "Mzee, afadhali umekuja. Mshauri binti aandike mistari mitatu tu, yaishe."

Nikamwuliza, "Aombe radhi kwa kosa gani?"

Akaanza habari za wafadhili.

Nikasema, "Kozi hii mimi siitaki, na akiiacha leo nitafurahi. Lakini kosa litaje kwanza."

Akarudia yale yale ya wafadhili, nami nikapaza sauti. Sauti yangu unaijua. Walimu walitoka madarasani. Bi Salha akaingia, akasimama upande wangu, akasema wanafunzi wake wengine wanne nao hawaendi tena kwenye hoteli ile. Bwana Reginald akafuta jasho. Mwishowe akaandika kwa mkono wake, nikimwangalia, kwamba mazoezi utamalizia zahanati na mtihani utafanya Novemba. Karatasi hiyo nimeiweka humu ndani. Usiipoteze.

Jumapili wazee wa kanisa, waliokwisha kusikia kwamba nimekutetea, waliniita. Walitaka nikuonye kwa barua itakayosomwa kanisani, au niache nafasi yangu ya uzee wa kanisa. Nimeiacha. Sasa nakaa viti vya nyuma na mama yako. Kumbe anaimba vibaya hivyo, na miaka yote hii sikujua!

Usidhani nimeikubali kazi yako. Sijaikubali, na tukikutana tutagombana. Kwanza kafanye mtihani.

Baba yako,
Elinami