Uliponiomba Pacha Mmoja

Baba Hasani,

Sikuiti mpenzi tena, na habari za huko sikuulizi. Ninazo. Kila siku navuka mpaka pale Petite Barrière na beseni langu la karoti za kuuza, na Goma si mji wa kumficha mwanamume aliyeoa mke wa pili.

Kwa kuwa hujui, leo asubuhi hapa Gisenyi ilikuwa hivi. Huseni alificha kiatu cha pacha wake ndani ya sufuria ya maharage. Hasani alikataa uji mpaka aelezwe kwa nini ziwa halifuriki mvua ikinyesha. Sweta zao za shule zilikuwa bado mbichi, nikazianika juu ya imbabura, jiko letu la makaa, moja ikashika moshi. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Ndipo Huseni akaninyooshea kile kiatu, kinachuruzika mchuzi, akasema kwa upole, "Mama, kiatu imeshiba." Nilicheka mpaka nikakaa chini sakafuni. Nilichelewa mpakani, wenzangu walikuwa wameshauza, na bado nacheka ninapokuandikia.

Wewe asubuhi hizo ulizichukia. Ulijifunika mto kichwani ukifoka, "Hii nyumba ni soko!" Lakini sema kweli, kuna siku moja ulizipenda. Mimi nilikuwa kitandani na malaria, ukajitolea kuwaandaa watoto. Ulimwogesha Huseni, ukampaka mafuta, ukamvalisha. Ulipogeuka tu, alivua kila kitu akarudi majini, nawe ukamwogesha upya ukidhani ni Hasani. Walikuwa wametoka kunyolewa kwa ajili ya shule, vichwa vinang'aa. Hasani mwenyewe alikuwa nyuma ya mlango, mkavu, anakutazama kwa furaha. Nikakuita, "Huyo ni Huseni tena!"

Ulicheka hadi machozi. Uliwabeba wote wawili, aliyelowa na mkavu, mkazunguka chumba kizima, shuka langu likalowa na homa yangu ikasahaulika. Nilikuangalia nikasema moyoni, huyu haendi popote. Nilijidanganya vizuri kweli.

Siku ile kosa lako nililiona tamu, nikadhani utajifunza kuwatofautisha. Si kazi ngumu. Hasani huamka na swali mdomoni. Huseni hucheka kwanza, kisha ndipo afumbue macho. Ila mtu lazima awe pale wanapoamka.

Jumapili iliyopita ukapiga simu. Hata hukuuliza kama wazima. "Mama Hasani, bibi yangu wa huku hana mutoto. We iko na wawili. Unipatie moya tu."

Nilidhani unatania. Nikakuuliza, "Moya gani?"

Nilisikia pikipiki zikipita huko uliko. Kisha ukajibu, "Bon, yeyote. Si iko sawa tu?"

Nilikata simu kwa sababu watoto walikuwa karibu, na maneno niliyotaka kukuambia hayafai masikioni mwao. Tangu siku hiyo neno lako, "yeyote", haliniachi. Nalala nalo, naamka nalo. Nimekuwa nikikasirika kwamba ulitupa kisogo, kumbe hata ulipokuwa hapa, umekaa mezani na chai yako, hukuwa unatazama. Nimechoka, Baba Hasani. Mgongo unaniuma, na kuna asubuhi nawafokea kupita kiasi. Lakini ile fujo uliyoikimbia ndiyo furaha niliyo nayo, na sina nyingine ya akiba. Ukimchukua mmoja, atakayebaki ataamka amgombanie nani uji?

Mwambie mkeo kwamba simchukii. Namwombea naye apate wa kwake wa kumchelewesha asubuhi.

Wewe jibu lako ni hili: hapana. Huyo yeyote hakai kwangu. Hapa yupo Hasani, yupo Huseni, na wote wawili wameshaacha kuniuliza utarudi lini.

Kaa salama huko ulikochagua.

Mimi, mama yao,
wa huyu na wa huyu.