Nimenunua Mashine ya Kufyonza Vumbi, na Bado Naogopa

Tarime, Jumamosi. Jua limewaka tangu asubuhi, upepo unatoka upande wa makarasha, na mimi nimeamka na hofu.

Naogopa vumbi. Mtu mzima, mke wa mtu, naogopa vumbi! Cheka ukitaka.

Si vumbi la barabarani, hilo tumelizoea. Ni lile jeupe, laini kama sembe, ambalo mume wangu Marwa anarudi nalo kila jioni kutoka karasha, kule wanakosaga mawe ya dhahabu. Liko kwenye viatu, kwenye koti, mpaka kwenye nyusi. Kabla hajakaa limeshafika kwenye kochi. Na Bhoke wetu ndiyo kwanza anatambaa, kila anachookota kinakwenda mdomoni.

Masanja, kijana wa Shinyanga aliyekuwa akisaga na Marwa na kula kwetu, juzijuzi alirudishwa kwao amebaki mifupa, anakohoa hata akiwa amekaa. Vumbi lilimwingia kifuani. Tangu hapo Bhoke akipiga chafya tu, roho inaniruka. Nikimlaza nainamisha sikio kifuani kwake, nasikiliza.

Ufagio hausaidii. Unafagia, vumbi linanyanyuka, linangoja umalize, linashuka tena. Ndiyo maana leo tulikwenda wote watatu mjini, dukani kwa Mzee Abdallah anayeuza vyombo vya umeme vilivyotumika.

Baada ya shikamoo nikaanza kumsumbua. Mota ina nguvu? Umeme ukikatika ghafla haiungui? Bomba likipasuka napata wapi lingine? Alinijibu kwa uvumilivu, akatuwekea mbili mbele yetu. Moja vumbi linaingia kwenye chombo cha plastiki, unakimwaga unaendelea, hununui kitu tena. Nyingine ni nzito, bomba lake la chuma, vumbi linakwenda kwenye mfuko unaoutupa ukijaa. Mifuko yake inaagizwa Mwanza.

Marwa alipenda ya chombo pale pale. "Hii hapa. Unakusanya vumbi lote, hupotezi kitu."

Nilimwelewa. Kwetu sisi familia za karasha taka za nyumba hazitupwi. Unazifagia, unazitia kwenye ndoo nyuma ya mlango, ikijaa inapelekwa kuoshwa, maana mle mna dhahabu iliyomdondoka mwenye nyumba. Ukizimwaga, mama mkwe anakuangalia kama umemwaga mboga ya wageni.

Mzee akamwaga majivu kidogo sakafuni, akaiwasha ya chombo. Sakafu ikawa safi mara moja. Lakini mlango ulikuwa wazi na jua linaingia, nikaona kitu kama moshi kinatoka nyuma ya mashine. Lile vumbi laini lilikuwa linapita tu, linarudi hewani, usawa wa kichwa cha Bhoke aliyekaa kwenye mkeka. Nikamnyakua.

Ile nzito ikawashwa. Nikaangalia kwenye jua, nikaangalia tena. Hakikutoka kitu.

"Tunachukua hii," nikasema.

"Kwa hiyo dhahabu tutakuwa tunaitupa jalalani?" Marwa akauliza.

"Tunaitupa, baba Bhoke."

Nilisema hivyo mbele za watu, mimi mwanamke wa Kikurya. Mzee Abdallah akajifanya anafuta redio. Marwa akalipa, akaibeba mashine kwa hasira, akatutangulia mpaka nyumbani.

Nilifyonza kila kitu: kochi, pazia, chini ya kitanda. Hasira za Marwa huwa hazikai. Nilipofika kwake akasimama, akanyoosha mikono. "Haya, nifyonze na mimi."

Nikampitishia bomba mgongoni, kwenye nywele, nyuma ya masikio. Bhoke alicheka mpaka akaanguka chali. Nikacheka na mimi, kwa mara ya kwanza wiki hii.

Katikati ya kicheko Marwa akaanza kukohoa. Alikohoa mpaka akainama, akashika mlango, machozi yakamtoka. Bhoke akaendelea kucheka, alidhani ni mchezo. Mimi nilisimama na bomba mkononi, mashine inanguruma, sijui nilielekeze wapi.

"Si kitu, mama Bhoke," akasema alipopata pumzi. "Nikinywa maziwa, vumbi linashuka."

Ndivyo wanavyoamini wote kule karasha, kwamba maziwa yanaosha kifua. Masanja naye alikuwa anakunywa. Nilikuwa namchemshia mimi.

Kwa nini siku zote nimesikiliza kifua cha mtoto tu?

Jumatatu Marwa haendi kazini. Anakwenda hospitali kupigwa picha ya kifua, hata kama ni kwa kugombana. Bado sijamwambia. Dukani niliweza kusema, hapa ndani naogopa.

Amekaa kwenye kochi safi na kikombe chake cha maziwa, ananisifia kwamba nimechagua mashine nzuri.