Tochi Iliyokataa Alfajiri

Nyumba ya marehemu Yidana,
Nyuma ya soko,
Savelugu.
Desemba 9

Mdogo wangu mpendwa Wumpini,

Pokea salamu zetu, za Mama zikitangulia, maana amenisimamia hapa mpaka niziandike. Kile kifua kilichokusumbua baridi iliyopita kimepona? Unakula chakula cha moto au bado unaishi kwa mkate? Sisi hatujambo. Vumbi la harmattan, ule upepo mkavu wa jangwani, limeanza na midomo imepasuka. Goti la Mama linamsumbua asubuhi, lakini anatembea na anagombana na kila mtu, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Sasa lililonikalisha chini. Siku niliyokupigia simu kukwambia tochi uliyonitumia inawaka inapotaka, ulinijibu kwamba watu wa nyumbani hata wakipewa dhahabu wataigeuza kopo, kisha ukakata. Sikukupigia tena, na si kwa kukosa salio. Lile sanduku la kutotolea vifaranga nililigongelea misumari mwenyewe, ubao kwa ubao, wewe ukiwa huko na mume wangu akinicheka. Kitu kikiwa mkononi mwangu hakiharibiki ovyo. Ndiyo maana nakuandikia, ujue kilichotokea.

Tochi ile ina kazi moja tu kwangu. Yai la kanga lina ganda gumu la rangi ya udongo, na mwanga wa simu unatawanyika juu yake bila kuingia. Tochi yako, kwa udogo wake, ukiigusisha kwenye yai unaona hadi mishipa. Na ni lazima nipime kungali giza, kwa kawaida alfajiri, kwa sababu mabati ya chumba kile yana matundu. Jua likipanda, chumba kizima kinakuwa cheupe na huoni kitu ndani ya yai.

Mwezi uliopita niliweka mayai mia moja na manne. Yalikuwa ya mwisho, kanga hawatagi tena hadi mvua zirudi. Sitini yalikuwa yangu, arobaini na manne ya Azaratu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ambaye miaka yote mayai yake ya kanga yanalaliwa na kuku. Nilimbembeleza msimu mzima anijaribu. Aliponiletea, aliniuliza mbele ya wanawake wa bombani, "Sanatu, hilo sanduku lako linaatamia au linapika?" Wakacheka, nami nikacheka, lakini nilijua mayai yale yakiharibika hakuna mwanamke wa mtaa huu atakayeniletea yai tena.

Ilipobaki kama wiki moja vifaranga waanguliwe, nilifungua sanduku nikakutana na harufu. Yai moja limeoza. Wewe hukukaa na mayai, kwa hiyo nikueleze: yai bovu likiachwa kwenye joto linapasuka, na likipasuka linawamwagia wenzake uozo na kuwaua. Nikachukua tochi. Ikawaka, nikapima matano, ikazima. Nikaitikisa, ikawaka kidogo, ikazima. Huku sanduku liko wazi na kipimajoto kinashuka, thelathini na saba, thelathini na sita. Nikafunika.

Nilianza na betri, kama ambavyo mtu yeyote angeanza. Nikaweka mpya. Kimya. Nikasugua springi kwa msasa. Kimya. Mchana nikampelekea Fuseini, fundi redio wa pale sokoni. Akaibonyeza mara moja juani, ikawaka kama taa ya gari. Akaizima, akaiwasha, akanirudishia. "Dada, hii ni nzima. Mgonjwa ni wewe, nenda kalale." Nilirudi nayo inawaka njia nzima, na hasira zangu zinawaka nayo.

Giza lilipoingia ikazima tena, na alfajiri iliyofuata, imekufa. Na harufu imezidi. Azaratu akatokea mlangoni, maana harufu ilikuwa imeshavuka ukuta. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alisema ana kuku wawili wanaoatamia, atayachukua mayai yake ayaokoe. Nikamwomba anisubiri kidogo tu.

"Jua likichomoza nakuja na kapu," akasema, "na sitabisha hodi."

Hapo nikaacha kuibembeleza tochi nikaanza kuihoji. Nilifungua kifuniko cha nyuma, chenye swichi, nikakiweka kando. Nikachukua kisu, ncha kwenye kitako cha betri, ubavu nikaukandamiza kwa nguvu kwenye ukingo wa bomba la tochi. Ikawaka. Basi betri ni nzima na balbu ni nzima. Ubaya uko kwenye swichi, au pale kifuniko kinapokutana na bomba. Nikapitisha ukucha kwenye ukingo ule. Ukarudi na kitu cheupe, kigumu kama mshumaa. Nikakisogeza kwenye taa ya mafuta inayopasha sanduku joto, kikayeyuka. Nikanusa.

Mafuta ya shea, yale ya kujipaka, Wumpini. Kwenye jua la mchana yanakuwa maji, chuma kinagusana na chuma. Alfajiri ya baridi yanaganda, umeme haupiti.

Nikafuta kwa ushungi wangu, ndani na nje, nikafunga. Ikawaka, ikabaki inawaka. Nikapima moja baada ya jingine, kipimajoto kimefika thelathini na nne. Lile bovu lilikuwa kwenye kona ya nyuma, linatoa jasho, jeusi tii. Nililibeba kwa kijiko kama kaa la moto, nikalifukia nyuma ya choo.

Niliporudi, Azaratu amesimama na kapu. Sikubishana naye. Nilichukua yai lenye alama yake ya mkaa, nikaligusisha tochi. Kifaranga akajivuta, mguu ukapita kwenye mwanga. Azaratu akainama kutazama.

"Basi funika," akasema. "Unamtia baridi."

Akaondoka na kapu lake tupu. Wameanguliwa vifaranga themanini na tisa kati ya mayai mia moja na matatu yaliyobaki. Piga hesabu mwenyewe, halafu niambie kuhusu makopo.

Nilimuuliza Mama kama anajua mafuta yale yalifikaje kwenye tochi. Hakuficha. Kila Ijumaa akimaliza kujipaka miguu anaipaka na tochi, kila mahali, hadi ndani ya ukingo wa kifuniko. "Kitu cha mwanangu kishike kutu nyumbani kwangu?" akaniuliza, na akanitazama kama mimi ndiye mjinga. Sikumwambia yaliyotokea. Na wewe usimwambie. Akikuuliza, sema inawaka. Sasa naificha kwenye sanduku langu la nguo, na kila Ijumaa anaitafuta. Inaniuma, maana ndicho kitu pekee chako alichokuwa nacho cha kushika.

Kwa hiyo usinitumie tochi nyingine. Msalimie mkeo Memuna na yule mtoto ambaye Mama anamwita Yidana, jina la Baba, ingawa mlimpa jina lingine. Mwambie Shangazi Katumi, mkionana, kwamba barua yake ilifika. Mungu akufungulie njia ya kurudi kama alivyokufungulia ya kwenda. Njoo mwenyewe, hata kwa wiki mbili, ukae kwenye mkeka wa Mama unyooshe miguu, akupake wewe.

Ni mimi dada yako, bado nimekasirika na bado nakupenda,

Sanatu