Behewa Lililovuliwa Kuta

Tanga, 3 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mvua za huko Irente hazijaamsha maumivu ya miguu. Sisi huku wazima, joto tu ndilo linalotutesa.

Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu hatusikiani. Ile treni ndogo ya bati ninayoitengeneza na wanafunzi wangu chuoni, injini imekamilika. Sasa nataka kuiga behewa la marehemu baba, lile alilopiga nalo picha akiwa gadi wa treni. Kwenye picha lina kuta na paa, na namba inasomeka. Wiki iliyopita nimeikuta namba ileile Korogwe stesheni, lakini kwenye behewa tambarare la kubebea makontena, halina ukuta wala paa. Nimechanganyikiwa. Baba aliwahi kukueleza lolote?

Mwanao, Heri

Irente, 17 Machi 2024

Mwanangu Heri,

Marahaba. Miguu inanipeleka kanisani na kunirudisha, inatosha. Mapeasi nimempa kondakta wa basi akuletee.

Mambo ya reli siyajui. Ila behewa hilo halikuwa na kuta. Lilikuwa sakafu tupu, na juu yake limekaa kontena jekundu. Usiweke kuta.

Mama yako

Tanga, 2 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Mapeasi yamefika, tumeyamaliza siku hiyohiyo.

Nimemtafuta Mzee Omari, dereva aliyeendesha treni za baba. Amenicheka. "Wewe na mama yako nyote mko sahihi," alisema. Behewa lile lilianza kama la kufunikwa, la katani na kahawa. Makontena yalipozidi bandarini, mabehewa ya kuyabeba hayakutosha. Karakana wakachukua ya zamani, wakayavua paa na kuta, wakabakiza chasisi na magurudumu. Mwanzoni kontena lilifungwa kwa minyororo na kukazwa kwa kabari za mbao. Kufuli za pembeni zilichomelewa baadaye.

Hapo nikaelewa. Lakini nilipomtajia kontena lako jekundu, aliacha kucheka, akasema, "Muulize mama yako." Sasa nimepotea zaidi. Treni ya mizigo haikupandisha abiria. Wewe uliliona wapi?

Mwanao, Heri

Tanga, 5 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Hujajibu. Simu inaita tu, na jirani yako Yudith ananiambia u mzima, uko shambani. Kama nimekuudhi, niambie nimekosea wapi.

Mwanao, Heri

Irente, 26 Mei 2024

Mwanangu,

Marahaba. Hukuniudhi. Nilikuwa naanza barua, nachana.

Cheti chako kinasema Lushoto, lakini ulizaliwa ndani ya kontena lile. Tulikuwa Same kwa kazi ya baba yako. Uchungu ulinishika kabla ya wakati, na mvua ilikuwa imekata barabara. Baba yako alikuwa anaondoka na treni ya makontena matupu. Mkuu wa stesheni akasema, "Mpandishe, mengine tutajibu baadaye." Tulipopita Buiko, maji yalikuwa yamekula tuta la reli. Treni ikasimama. Behewa la gadi lilivuja kila kona, ndipo yeye na Omari wakafungua kontena kavu wakaniingiza.

Mlikuwa wawili, Heri. Wa kwanza alikuwa msichana. Alilia mara moja, kwa sauti ndogo kama ya paka. Baba yako alipoona anazimika, alikinga maji ya mvua kiganjani, akambatiza Evelina. Wewe ukaja ukipiga makelele, nasi hatukujua tucheke au tulie. Kulipokucha Omari ndiye aliyechimba, kando ya reli, maana baba yako alishindwa kushika koleo. Kisha wakaja watengeneza njia na kiberenge, kigari chao cha reli, wakatufikisha Mombo, tukapandishwa hospitali Lushoto.

Tulisema tutakwambia ukikua. Ukakua, nikakosa pa kuanzia.

Mama yako

Tanga, 9 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimeketi, nikaisoma tena nimesimama. Maisha yangu yote nimejijua mtoto wa pekee. Sijui mtu anamlilia vipi dada asiyemfahamu. Sijui hata kama hiki kilichonikaa kifuani ni huzuni.

Jana nilikwenda na Mzee Omari kule mbele ya Buiko. Macho yake yamechoka. Alinionyesha mahali penye mkonge uliojiotea, akasema, "Ni hapa." Tulipoanza kuondoka akasimama. "Hapana. Ni kule, karavati lilikuwa upande wa kushoto." Lakini makaravati ya kupitishia maji chini ya reli yamejengwa upya. Mzee akaanza kulia, akiniomba radhi. Nami sikujua nisimame wapi. Nililiita jina la Evelina pale pa kwanza, nikaenda nikaliita na pale pa pili. Nifanye nini, mama?

Heri

Irente, 14 Juni 2024

Heri,

Marahaba. Mpe Omari salamu zangu, na mwambie asijilaumu. Yeye alikuwa ameinama anachimba. Mimi nilikaa mlangoni mwa kontena nikiwa nimekupakata, natazama milima ya kwetu ng'ambo ya reli, kilele kimoja baada ya kingine, nisije nikapasahau. Milima hakuna aliyeihamisha.

Jumanne nashuka na basi la kwanza. Nisubiri Mombo. Chukua jembe, na pikipiki yenye dereva mtulivu.

Mama yenu