Niliwauliza Wapolandi Kwa Nini Chama Chao Kilianguka

Jumamosi, Saadani. Joto la mawingu. Mvua inatishia tangu asubuhi na hainyeshi, na moyo wangu nao uko hivyo hivyo.

Leo nusura nimpoteze mzee wa watu. Naandika hapa barazani kwenye nyumba ya wageni. Wazee wenyewe wamekula wali na samaki, wameingia kulala, kila mmoja chumba chake.

Wazee ninaowasema ni ndugu wawili kutoka Poland, baba mmoja mama mmoja. Mkubwa anaitwa Marek, mdogo Tomek. Nimewatembeza Bagamoyo siku hizi mbili tatu, gari naendesha mwenyewe, na leo ilikuwa zamu ya kuja huku mbugani. Safari imeandaliwa na Kasia, binti wa Tomek. Kabla hawajafika alinipigia simu akanieleza kila kitu. Enzi za utawala wa kikomunisti kwao, baba yake mkubwa alikuwa mtu wa chama, anafanya kazi ofisi ya serikali, na baba yake alikuwa fundi kwenye karakana ya meli, mgomaji wa kutupwa. Tangu wakati ule hawajakaa wakazungumza kama ndugu. Sasa moyo wa Marek ni mgonjwa, na daktari amesema hii ndiyo safari yake ya mwisho ya mbali.

"Nataka warudi wakiwa ndugu," Kasia aliniambia. "Ila nakuomba, dada Rehema, usiwaulize habari za siasa."

Nikamjibu usijali mpenzi, niachie mimi.

Ulimi huponza kichwa, na wangu haujawahi kuniacha salama.

Balaa lilianza asubuhi tukiwa bado Dunda, pale pale Bagamoyo. Mimi wageni wangu wote huwafundisha salamu. Nikamwambia Tomek, kwetu Pwani mdogo ndiye anayeanza, anamwambia mkubwa shikamoo, na mkubwa lazima aitikie marahaba hata kama jana mlitukanana. Wakacheka. Basi na mimi nikaona nimefika, nikaongeza yale tunayopenda kuwaambia watalii, kwamba asili yake ni kama kusema nashika miguu yako.

Tomek akaacha kucheka. Akamtazama kaka yake, akasema kwa Kiingereza ili na mimi nisikie: "Miguu yake siishiki." Akaingia garini akafunga mlango.

Kutoka Bagamoyo mpaka Msata hakuna aliyefungua kinywa. Mimi ni mtu wa Pwani jamani, mgeni akinyamaza ndani ya gari langu nahisi nimemkosea. Nikawasha redio, nikazima. Nikawaonyesha minanasi, hakuna aliyegeuza shingo. Tulipofika Msata nikaegesha kwenye mgahawa, nikaagiza chai ya tangawizi na chapati, nikatafuta neno la kusema. Neno lililokuja ni lile lile nililokatazwa.

Nikauliza, "Hivi chama chenu cha kikomunisti kilianguka kwa nini?"

Shuleni niliwahi kukariri sababu zake. Nilizimwaga kwenye mtihani, nikapata alama, nikasahau. Nilidhani nitapewa somo, tutakunywa chai, tutaondoka. Ujinga ulioje!

Tomek alianza, na sauti yake ikapanda tangu neno la kwanza. Alisema kilianguka kwa sababu ya nyama. Serikali ilipandisha bei watu wakiwa tayari wanapanga foleni tangu alfajiri kwa kipande cha soseji. Kisha pale karakanani wakamfukuza mama mmoja dereva wa kreni, karibu kabisa na kustaafu kwake, kwa kuwa alikuwa msema kweli. Mafundi wakaweka nyundo chini. Wakapata chama chao cha wafanyakazi, kisichomsujudia mtu, na nchi nzima ikajiunga. Na kabla ya hapo, alisema, Mpolandi mwenzao alikuwa amechaguliwa Papa. Alipokuja kuwatembelea watu walijaa viwanjani, wakatazamana, wakagundua kumbe tuko wengi hivi. Kabla ya siku ile kila mtu alidhani anachukia peke yake.

Marek alikuwa anakoroga chai isiyo na sukari. Akasema polepole kwamba nyundo peke yake haiangushi dola. Serikali ilikuwa imekopa nje mpaka shingoni, mitambo iliyonunuliwa kwa mikopo hiyo haikuzalisha cha maana. Moscow nako kiongozi mpya alikuja akaweka wazi kwamba vifaru havitatumwa tena kumwokoa mtu. Wakubwa wa chama wakaona hawana mgongo wa kuegemea, wakakaa meza moja na wagomaji, wakakubali uchaguzi, wakashindwa.

"Na sisi wenyewe ndani ya chama," akasema, "tulikuwa hatuamini tena. Mimi niliacha kuamini kabla yako."

Hapo Tomek akasimama, kiti kikaanguka. Watu wa mgahawa wote wakageuka.

Nilichoelewa ni hiki. Kabla ya kufikia hiyo meza ya mazungumzo, serikali ilijaribu kwanza kuvunja mgomo kwa nguvu. Desemba moja ilitangaza sheria ya kijeshi, ikaingiza wanajeshi mitaani, ikakusanya wagomaji majumbani mwao. Tomek siku hiyo hakuwa kwake. Alikuwa amejificha kwa rafiki, na mahali hapo alikuwa amemwambia mtu mmoja tu, kaka yake. Askari walikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni.

"Kama uliacha kuamini," Tomek alimuuliza, "nani aliwaonyesha nilipo?"

Marek alivaa kofia yake akatoka nje. Nikasema moyoni, mwache apunge upepo.

Nilipomaliza kulipa na kumtuliza mdogo, mkubwa hayupo. Kwenye gari hayupo, na mkoba wake wa dawa uko juu ya kiti.

Yarabi! Mtu mwenye moyo mbovu, joto la Msata, malori yanakuja kutoka pande zote! Nikakimbia kama kichaa, mtandio mabegani. Nikawauliza vijana wa bodaboda, mmoja akacheka: "Mzungu mwenye kofia? Kapanda basi la Tanga huyo, dada, labda ana mke kule." Basi lilikuwa linaunguruma, limeanza kujisogeza. Niligonga ubavu wake kwa viganja vyote viwili. Konda akanitukana, nikamtukana zaidi, likasimama.

Tomek alikuwa nyuma yangu na mkoba wa dawa. Akapanda yeye kwanza.

Marek alikuwa amekaa karibu na dirisha, uso umepauka, pembeni yake mama mmoja na tenga la kuku. Wakazungumza Kipolandi. Mimi sikuelewa neno, nilikuwa natazama midomo tu na kuomba Mungu. Marek alisema kitu kifupi sana. Tomek akajibu kifupi vile vile. Nikataka kuingilia, yule mama akanivuta mtandio. "Mtu na nduguye hao," akasema. "Ndugu wakigombana, mwanangu, wewe chukua jembe ukalime."

Nikanyamaza. Mara ya kwanza leo.

Kisha Tomek akafungua mkoba, akatoa kidonge, akakiweka kwenye kiganja cha kaka yake, akasimama kumngoja ameze. Wakashuka. Konda naye alikuwa amepoa, akawashika mikono kwenye ngazi.

Tulipofika hapa Saadani ndipo Marek akanieleza, Tomek akiwa anaoga. Nilimwomba radhi, akatikisa kichwa. Alisema mdogo wake alimuuliza tena mle ndani ya basi, naye akamwambia ndiyo, ni mimi. Watu wa usalama walikuja ofisini, hawakunipiga, hawakunitisha kwa lolote. Waliuliza tu, nikasema. Tomek akamjibu: "Nilijua tangu siku ile. Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Basi. Hakumsamehe, hakumlaani.

"Ulitaka sababu," Marek akaniambia. "Utawala ule ulisimama juu ya watu kama mimi, waliokuwa wanaogopa. Wenzangu wakachoka kuogopa, ukakosa pa kusimama. Mimi sikuchoka. Nimeogopa mpaka leo asubuhi."

Nikamwambia chakula tayari, mzee, twende ukale.

Kasia ametuma ujumbe anauliza wanaendeleaje. Nimemwandikia wamelala. Mengine atayasikia kwao, si kwangu.

Lakini kuna jambo linanikera tangu saa ile. Nilipokuwa namsikiliza Marek nilimhukumu, tena haraka. Nilisema kimoyomoyo, mtu gani huyu anamtaja nduguye bila hata kofi moja? Nina mdogo wangu, Salum. Tumenyonya ziwa moja, ana mdomo kuliko mimi, haogopi kumwambia mtu mkubwa usoni kwamba amekosea. Je, siku wakija watu wapole, wamevaa vizuri, wakavuta kiti, wakaniuliza kwa adabu Salum yuko wapi?

Nimekaa hapa nataka kuandika kwamba nisingemtaja. Kalamu ninayo, mkono ninao, na sentensi yenyewe ni fupi, ila haitoki.