Salamu Ulizowaachia Watu wa Ulaya

Mama,

Leo Jumapili nimefunga studio mapema. Kwaya ya kutoka Ngoliba imemaliza kurekodi, nyaya nimezikunja, na mbele yangu nina kipande cha utepe chenye sauti yako ambacho hukuwahi kujua nilikiokota. Wacha nikueleze, maana jambo hili limenikaa kifuani tangu nikiwa mwanafunzi.

Unakumbuka ile atachimenti yangu ya chuo, yale mafunzo ya kazini kule Ruiru, kwenye ofisi iliyokuwa juu ya duka la misumari na mabati? Uliwaambia watu wa mtaa wetu wa Makongeni kwamba binti yako ameandikwa kazi na wazungu. Sikuwa nimeandikwa, Mama. Nilifanya kazi bure, nauli ikitoka kwenye sukuma wiki ulizouza sokoni. Shirika lile lilitengeneza vipindi vya redio kuhusu haki za binadamu, na mimi niliwekwa kitengo cha nje: kutafuta watu wenye kisa, kuwarekodi, kutafsiri, kisha kutuma kanda Ulaya stesheni za huko zitangaze. Kila mtu alipewa dakika tatu. Dakika tatu za kueleza umevunjiwa maisha.

Ndipo vijana wa kukodiwa wakabomoa vibanda vyenu vya soko, eti kuna bwana ana karatasi za ploti ile, ardhi ni yake. Nikaja nyumbani na mashine ya kurekodi. Ukaenda kutafuta kile kitambaa chako cha kichwa cha kanisani.

“Nani ataona kitambaa, Mama? Hii ni redio.”

“Mimi nitajua nimekivaa.”

Nikabonyeza. Ukakohoa, ukanyoosha mgongo, ukaanza na Kiswahili chako cha soko: “Hamjambo huko Ulaya? Mumeamka aje? Baridi haiwasumbui sana? Na watoto, wako shule?”

Kisha ukanyamaza. Nikakugusa goti. Ukainua mkono, nisubiri. Nilisubiri mpaka nikazima mashine.

“Si uendelee sasa, Mama?”

“Bado hawajajibu.”

“Hii ni kaseti! Hawakusikii.”

“Aii, kwani mimi ni mtoto? Najua saa hii hawasikii. Lakini siku watasikia, watajibia wapi kama sijawaachia nafasi?”

Tulicheka mpaka chai ikapoa. Halafu nikawasha mashine tena, ukaeleza kila kitu bila kupandisha sauti: mabati, meza, mboga zilivyokanyagwa. Ulilia mara moja tu, ulipofika kwa ile mizani uliyoachiwa na mama yako.

Ofisini tulihamisha sauti kwenye utepe mpana, ule wa kukatwa kwa wembe na kuunganishwa. Madam Rose, mkubwa wa kitengo chetu, akasikiliza mara moja.

“Kata salamu. Anzia pale analia.”

“Madam, salamu hazifiki hata nusu dakika.”

“Nyambura, hiyo nusu dakika utaitoa kwa nani mwingine?”

“Lakini wakianzia hapo hawatajua ni mtu wa aina gani. Huyo ni mama yangu.”

“Ndio sababu wembe nitashika mimi.”

Akakata. Kipande kikaanguka chini, na kabla mama wa kufagia hajaingia, nikakiweka mfukoni.

Siku stesheni moja ya Ulaya ilipokutangaza, matangazo yakifika mpaka huku kwetu, majirani walijaa kwa Baba Ciru na redio yake kubwa. Ukasikika unalia. Papo hapo sauti yako ikashushwa, akaingia msichana mwenye Kiingereza cha puani kukutafsiri mpaka mwisho.

“Mama Nyambura!” Baba Ciru akapiga paja. “Kumbe unalia na Kiswahili, unaongea na Kiingereza!”

Watu wakavunjika mbavu. Wewe ulibeba kiti chako ukarudi nyumbani. Mlangoni ukaniambia, “Wamenijua kwa machozi, na hata hatujasalimiana.” Hukulirudia neno hilo tena. Afadhali ungenigombeza.

Barua za pole zilikuja kutoka huko nje, Mama. Madam Rose alizitia kwenye ripoti ya wafadhili. Ploti haikurudi. Utepe ulikwenda Ulaya, na ile kaseti yako ya kwanza ilirekodiwa kisa cha mtu mwingine juu yake, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyobana matumizi. Kwa hivyo tulipokuzika mwaka juzi, na ndugu zangu wakaniuliza, wewe wa mambo ya sauti, huna hata sauti kidogo ya mama? nilikuwa na hiki kipande tu.

Nimejaribu kumwelewa Madam Rose. Alikuwa na dakika tatu, na wasikilizaji wasioshtuka upesi. Hesabu yake ninaiona. Lakini ninaendesha biashara, na najua ukitaka kupunguza mzigo, kuna kitu hutoi. Bado nina hasira naye, sitakudanganya.

Studio hii nimeijenga mwenyewe, mashine moja baada ya nyingine. Leo wale wa Ngoliba wamesalimia kanisa zima, wagonjwa, na walio safarini, mpaka mwalimu wao akaniuliza kwa uoga kama nitawaongezea bei. Nikamwambia, mwalimu, hapa salamu hazikatwi na hazilipiwi.

Walipoondoka nikaweka kipande chako kwenye mashine. Ukakohoa. Ukauliza habari za baridi, ukauliza habari za watoto. Halafu ikafika ile nafasi yako, kimya, na kwa mbali kuku wa Baba Ciru. Miaka yote hii nimekuwa nikiisikiliza tu. Leo nimejibu.

“Tumeamka salama, Mama. Baridi iko, tumeizoea. Watoto wako shule, na yule mdogo ana jina lako. Haya, endelea.”

Utepe ukaisha.

Pumzika, Mama. Wasalimie walio huko, uwape na wao nafasi ya kujibu.

Ni mimi binti yako, uliyeniita mama kwa sababu nilibeba jina la mama yako.