Upepo wa Nyuma

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Jaribio la kwanza limeshindwa.

Gari-nyumba ambalo binti yetu Brenda ametuazima kutoka Kisumu lina kitanda, jiko, tangi la maji, hata kabati la vyombo. Halina utulivu. Tumetoka hapa Nyarero kilomita sita tu, Selestina amelala nyuma. Kwenye kona ya pili gari likayumba kushoto, kulia, kushoto tena – na mke wangu akawa sakafuni.

Hakuumia, namshukuru Mungu. Lakini mgongo wake ulifanyiwa operesheni mwezi wa tano, na daktari alisema anaweza kusafiri akiwa amelala, mradi asirushwerushwe. Tumerudi nyumbani kwa mwendo wa mkokoteni. Alipoteremka alisema neno moja: halipandi tena.

Jumapili mtoto wa Vivian, binti yetu mwingine, anabatizwa Mugumu. Ataitwa Selestina. Bibi yake hajamwona bado, isipokuwa kwenye simu. Na kukaa kwenye kiti cha gari hawezi kuzidi robo saa. Kwa hiyo ni gari hili, au abaki.

Dereva ni Marwa, mtoto wa kaka yangu. Nikamuuliza tatizo ni nini.

"Ni upepo, baba mdogo."

"Upepo gani?"

Akaonyesha kwa mkono kule vilimani. "Huu wa kiangazi. Gari lenyewe refu, unalisukuma."

Nikatazama bendera ya shule. Ilikuwa imelala kwenye mlingoti kama taulo.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeamka kabla jua halijagusa matairi, nikatoa kipimo changu cha matairi. Mbele 62. Nyuma, yote manne, 38! Yaani mbele mawe, nyuma maandazi. Kibati kilicho mlangoni kinasema mbele 45, nyuma 55.

Nikamwita Marwa. Nikamwambia ulisema kweli, ni upepo, ila ni huu wa ndani. Nikachora chini kwa kijiti. Tairi laini ubavu wake unajikunja. Kwenye kona gari zima linauegemea ubavu huo. Dereva anashtuka, anakata usukani kurudisha. Ubavu nao unajikunjua kwa nguvu, gari linapitiliza upande wa pili. Ndiyo yale ya kushoto-kulia-kushoto. Tena tangi la maji liko nyuma kabisa, nyuma ya ekseli, na limejaa. Uzito ule unainua pua ya gari, na matairi ya mbele ndiyo yanayoongoza. Nikamwagiza alimwage tangi, na mtungi wa gesi ausogeze mbele.

Marwa alisikiliza amekunja mikono. "Mimi nimebeba mbuzi mpaka Isebania. Hakuna aliyelalamika."

"Mbuzi hawakufanyiwa operesheni ya mgongo."

"Walikuwa wanaenda kuchinjwa, baba mdogo. Hata operesheni isingewasaidia."

Nimefundisha fizikia miaka thelathini na moja. Wanafunzi wa aina hii nawafahamu.

Nimeandika karatasi, nimeibandika mbele ya usukani: MBELE 45. NYUMA 55. PIMA ASUBUHI TAIRI LIKIWA BARIDI.

Jumatano, 6 Agosti

Kijiwe cha pancha cha Ester. Kompresa pekee Nyarero nzima ni yake. Nimempa karatasi nyingine yenye namba zilezile. Badala ya kupima, mama huyu akachukua nondo fupi, akaanza kugonga matairi moja moja, ameinamisha kichwa.

"Unafanya nini?"

"Nayasikiliza, Mwalimu. Tairi linaongea."

"Lugha gani?"

"Haya yametoka Kisumu. Labda Kijaluo."

Waliokuwa wakisubiri pancha wakacheka. Mimi nilichoka. Nchi hii tutaendelea kugonga vitu mpaka lini? Nikamkabidhi kipimo changu. Akajaza, akapima, akanisomea namba, akanirudishia. Mbele 45, nyuma 55, yote sita. Sawasawa kabisa. Nadhani hata asante sikusema.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo somo la udereva. Nimeweka beseni kitandani, mahali pa Selestina, nikalijaza maji nusu. Nikamwambia Marwa: huyu ndiye abiria wako.

Safari ya kwanza tulirudi na beseni karibu tupu, godoro limelowa. Tatizo la Marwa ni kwamba anaingia kwenye kona na mwendo wake wote, halafu anakumbuka breki akiwa katikati. Nikamweleza: mwendo unapunguzwa kabla ya kona, barabara ikiwa bado imenyooka. Ukishaingia, mguu unatulia. Usukani ushikwe kama unavyoshika yai. Macho yatazame mbali, si kwenye boneti. Na lori likija, punguza mapema, kwa sababu likipita linaivuta hewa na sisi pamoja nayo. Kwenye vumbi, pale barabara ilipokunjamana kama bati, gia ya pili.

"Kwa mwendo huu tutafika Mugumu mtoto ameshapata kipaimara."

Lakini alifanya. Safari ya tatu yalimwagika nusu ya maji. Ya tano, kama kikombe tu. Tukageuza godoro, tukabadilisha shuka, na ya sita hata tone halikumwagika.

Selestina alitoka ndani na fimbo yake. Akapitisha mkono kwenye shuka tuliyobadilisha, akaupitisha tena. Kavu.

"Baba Vivian," akasema, "Jumamosi tunaondoka saa ngapi?"

Ijumaa, 8 Agosti – Nanenane

Jua kali. Nimetaka uhakika wa mwisho, kwa hiyo tumekwenda mpaka Nyangoto na kurudi. Gari limetulia vizuri. Saa saba mchana tunaingia kijijini, nikapima. Nyuma 63! Yote manne. Nilikasirika sana. Kumbe yule mama amegonga vyuma vyake, akanizidishia.

Nikaenda moja kwa moja kijiweni. Nikamwambia mbele ya wateja kwamba nilimpa karatasi, na karatasi haigongwi, inasomwa. Ester alikuwa ameshika tairi la pikipiki. Alisema tu: "Yalikuwa sawa, Mwalimu. Yaache yapoe."

Sikumngoja amalize. Nikapunguza mwenyewe palepale, tairi kwa tairi, mpaka 55.

Jioni nimemweleza Selestina: Ester alikosea, nimemrekebishia. Akasema, "Ulivyo makini, mimi sina wasiwasi."

Jumamosi, 9 Agosti

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu. Nyuma 48. 48. 47. 48.

Nimekaa kwenye jiwe na kipimo mkononi. Tairi lililotembea linapata joto, hewa inatanuka, kipimo kinapanda. Likipoa kinashuka. Zile 63 za jana zilikuwa ndizo 55 za Ester, zikiwa na joto. Mimi nimezikata. Kosa hili nimelichorea wino mwekundu kwenye madaftari ya watoto wa watu miaka thelathini na moja.

Marwa akaja na kikombe cha chai. Nilimwambia. Akainama dirishani, akasoma karatasi yangu kwa sauti, polepole: "Pima asubuhi tairi likiwa baridi." Kisha, "Mwandiko mzuri, baba mdogo."

Selestina alikuwa ameshapanda. Amelala, amefunga mkanda wa kitandani, mkoba wa nguo za mtoto kifuani.

Marwa anasema twende, ni saba tu zimepungua. Hapana. Tukiwa watatu na mizigo, gari litaanza tena kuyumba, na kona ile ya Jumatatu iko mbele yetu, ukienda Mugumu au ukienda mjini kujaza. Nimemwahidi Selestina hatarushwa tena.

Tukasogea taratibu hadi kijiweni. Pamefungwa kwa kufuli. Bila shaka – Ester ni Msabato! Nimeishi naye kijiji kimoja miaka yote hii.

Akatokea barabarani na gauni la kanisani, Biblia kwapani. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Nikamweleza shida.

"Leo ni Sabato, Mwalimu."

"Najua. Ni kwa ajili ya mgonjwa."

Akatazama gari. Akakunja mwavuli, akagonga tairi la nyuma kwa ncha yake, mara moja. "Haya sikuyaacha hivi. Nani ameyapunguza?"

Dirisha la kitandani lilikuwa wazi, pazia limevutwa kando. Selestina alikuwa ananitazama.

"Ni mimi," nikasema. "Jana, yakiwa ya moto. Wewe hukukosea."

Ester hakucheka. Alisema yeye kumsaidia mgonjwa haoni kama ni kazi, lakini atamuuliza kwanza mzee wa kanisa. Akatangulia kanisani.

Sasa ni saa tatu na dakika arobaini. Kanisani bado wanaimba, tunawasikia hapa kijiweni. Marwa ameegemea boneti, anapiga mluzi kuufuata wimbo wao. Mimi niko kwenye kiti cha mbele, naandika. Vivian amepiga simu mara mbili, sijapokea.

Ester alipoondoka, Selestina alilifunga pazia. Sasa hivi nimesikia kifungo cha mkanda wake kikilia – tk. Nimetega sikio, sigeuki. Kwa mlio ule peke yake siwezi kujua kama amekifungua ili ashuke, au alikuwa amekifungua aliponisikia nikikiri na sasa amekifunga tena ili twende.